Ng'ombe wa Zinguo

Kuna kijana mmoja alipita kwetu mwaka huu na mkoba mgongoni, akaniuliza, "Bibi, hapa mjini kwenu kuna nini cha kufanya?" Nilikuwa barazani napepeta mchele. Nikataka kumjibu kuwa hapa tunakaa tu, na kukaa nako kuna kazi yake, lakini nikaogopa atadhani namfukuza. Nikamwambia, "Inategemea umekuja mwezi gani." Akacheka, akanipiga picha mimi na ungo wangu, akaenda zake ufukweni. Jibu langu lilikuwa la kweli, na kwa kuwa hakungoja kulisikia lote, nimeamua kuliandika. Shule niliiacha darasa la tatu, na herufi zangu hutembea upande kama kaa. Mtanivumilia.

Ukitoka Garsen ukapita Minjila, ukashika njia ya Witu, kisha ukaiacha lami ukafuata mchanga, utafika pale mto Tana unapochoka. Umetoka mbali huko juu, mwekundu kwa udongo, umepita mashamba na malisho na viboko, na kwetu ndipo unapokutana na bahari. Huo ndio mji wetu. Mdogo. Mtu akipiga chafya msikitini, huombewa rehema sokoni.

Na mambo ya kufanya yapo mwaka mzima. Mvua zikija na mto ukijaa, samaki huingia mpaka uani. Mama yangu alimkuta kambare chini ya kitanda, akamfukuza kwa ufagio kama paka, mpaka akakumbuka kuwa yule ni kitoweo. Maji yakipungua watu wa Chara, Wapokomo wakulima wa mtoni, hushuka na mitumbwi imejaa mpunga, na mji mzima hunuka makapi na vumbi jema. Yakija maembe, hakuna anayepika chakula cha mchana. Maulidi wanawake tunashindana kwa udi, na Idi vijana wanashindana kuvuka mto kwa kafi, na kila mara kuna mmoja anayepinduka mbele ya msichana yule yule aliyetaka amwone. Nilikuwa nasema nini? Ee. Siku ya Mwaka. Hayo mengine yote mtu anaweza kuyapata na kwingine, lakini Siku ya Mwaka niliyoiona mimi mwaka juzi haikuonekana popote.

Mwaka wetu wa zamani si huu wa kalenda ya ukutani. Wazee waliuhesabu wenyewe, unaangukia mwezi wa saba kwenda wa nane. Nilipokuwa msichana mama alituamsha alfajiri, tukashuka baharini kuoga, wanawake upande wao na wanaume wao, maji baridi, tukipiga kelele ambazo siku nyingine tungechapwa kwazo. Tukirudi, majivu yote ya jikoni yanazolewa na kumwagwa nje ya mji. Yote, hata kaa la moto lisibaki. Kwa muda mfupi mafiga yanakuwa baridi, na mimi nilikuwa nayaogopa yale mafiga baridi kuliko ninavyoogopa kaburi leo. Halafu mama anawasha moto mpya, na nyumba inarudi kuwa nyumba. Tunapikiwa nafaka za kila namna ndani ya chungu kimoja. Utamu wake sijaupata tena, ingawa napika kwa chungu kile kile.

Kisha ng'ombe. Ng'ombe dume asiye na kilema, anafungwa kitambaa cheupe kwenye pembe, anazungushwa mji mzima kwa dufu na dua. Akipita barazani kwako unamgusa, unamwambia kimya kimya jambo linalokusumbua, naye analibeba. Homa, husuda, mkwe mbaya, yote anabebeshwa. Akimaliza duara anafikishwa ufukweni, anachinjwa, anapikwa, tunakula wote, wenye nacho na wasio nacho. Hilo ndilo zinguo. Sisi husema kuzinga kwa maana ya kuzunguka, na kuzingua ni kumtoa mtu mabaya yaliyomkaa. Vijana waliosoma Garsen wakisema "unanizingua" wana maana kuwa unawasumbua, basi kila kizazi na lake. Ila mjini kwetu, ukisema ng'ombe wa kuzinga mji, hakuna asiyejua kuwa ng'ombe huyo ni marehemu. Hatusemi kuchinja. Tunaona haya kulisema mbele yake.

Ng'ombe walitoka kwa Waorma, watu wa ng'ombe wa huku nyanda za Tana. Wanaume wao ndio walioleta, wakalipwa, wakaenda zao, na aliyekwisha kuuza hakai kuuliza mnyama ameishia wapi. Wanawake wao walikuja kila siku na maziwa, vibuyu vimefukizwa moshi, na mpaka leo nikinywa maziwa yasiyo na moshi naona kama nimepewa maji meupe. Mama mmoja wa Kiorma alimletea mama yangu maziwa miaka na miaka. Kiswahili chake kidogo, na mama yangu Kiorma hana, lakini walikaa jikoni wakiwasengenya waume zao wakaelewana. Mama yule alipochoka akawa anakuja binti yake. Huyo binti ndiye shoga yangu. Sasa naye ni bibi kama mimi, mjane kama mimi, na bado anakuja.

Zinguo lilikufa kwa muda mrefu. Ukame ulikuja juu ya ukame. Watu wa mashamba na watu wa ng'ombe wakaanza kutazamana vibaya, ikafika miaka ambayo sipendi kuiandika, shoga yangu hakuja mjini na mimi nilikunywa chai ya rangi. Wazee waliojua duara lilipoanzia wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa naoga mwaka peke yangu, na ndoo, uani, nikipiga ukelele mdogo wa kujikumbusha. Jirani akaniuliza ng'ambo ya ukuta kama nimeumwa na nge.

Mwaka juzi mambo yalikuwa yametulia, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akasimama baada ya sala ya Ijumaa akasema Mwaka urudi, na ng'ombe arudi, na atoke kwa Waorma kama zamani, tena atolewe kwa hiari, ionekane tumepatana. Shemeji yangu ana Kiswahili kitamu sana. Akikwambia sogea kidogo unajiona umepewa cheo. Akaenda malishoni, akakaa na wazee wao, akanywa maziwa, akamwendea shoga yangu na kumwomba ng'ombe wake.

Sasa lazima niseme habari za huyo ng'ombe. Ukame uliopita mama yake alikufa, naye alikuwa ndama anayetetemeka. Shoga yangu alimlea kwa mkono, kwa maziwa aliyokuwa akijinyima mwenyewe, na kila siku alipitia kwangu kuchukua pumba za mpunga. Akakua. Mweupe, na jicho moja limezungukwa na weusi kama aliyepaka wanja. Hakuhitaji kamba, alimfuata shoga kama mtoto anayefuata kanga ya mama yake, na wakija mjini alikuwa anaingiza kichwa mlangoni kwangu na kupumua ndani ya masufuria. Katika mifugo yao yote ukame ulimwachia shoga wachache, na katika hao wachache alimpenda huyu.

Siku shemeji alipokwenda kuomba, mimi sikuwako. Nilikuwa Garsen, binti yangu alikuwa amejifungua. Niliporudi mji mzima ulikuwa unamsifu shoga yangu. Ametoa, ametoa! Nikashangaa moyoni, huyo huyo mwenye wanja? Lakini nikajiambia, labda ameamua, watu hutoa wanachokipenda.

Siku moja kabla ya Mwaka, asubuhi, akaja na kibuyu chake. Nikapokea, nikawa namimina.

"Shoga," akaniambia, "kesho mimi nakuja kuchukua ng'ombe yangu saa ngapi?"

"Kumchukua wapi?"

"Kurudisha nyumbani. Akimaliza kuzunguka."

Kibuyu kilinitoka mkononi. Paka alifaidi.

"Shoga, hebu niambie, shemeji alikwambiaje?"

"Maneno mingi, tamu. Alisema mji nataka ng'ombe safi, haina kilema, azinge mji, asomewe dua, kila mtu amguse. Mimi nikasema hiyo nzuri sana. Huyu mtoto alitoka kwa njaa. Mji mzima ukimwombea dua, ataishi kuliko mimi."

"Na baada ya dua?"

"Baada ya dua nini? Anarudi. Ana kwingine?"

Nikakaa chini. Kazi ya kumwambia ilikuwa imeniangukia mimi. Nikamwambia moja kwa moja, maana Kiswahili cha kuzunguka ndicho kilichotufikisha pale. "Ng'ombe wa zinguo huchinjwa, shoga. Tangu zamani."

 Akavuta mtandio wake mpaka kwenye nyusi. Nje kulikuwa na mtu anauza samaki, akapita na kelele zake zote.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua anachinjwa. Sikujua kama hujui. Nilidhani umeamua."

"Niamue kuchinja huyu? Wewe mwenyewe ulimpa pumba!"

"Basi twende kwa shemeji, umwambie hutaki. Saa hii hii."

Akatikisa kichwa. "Ndiyo nilisema mbele ya wazee wetu. Leo nikienda kusema hapana, kesho watu ya mji watasema, unaona Waorma, asubuhi ndiyo, jioni hapana. Tumepatana juzi tu, shoga. Mimi sitaki kuwa huyo mtu."

"Utafanyaje?"

Akasimama, akajifunga mtandio vizuri. "Nilisema azinge. Atazinga. Sikusema kitu ingine." Akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasahau pumba.

Nikavaa buibui nikaenda kwa shemeji. Nilimkuta ufukweni anapanga mafiga ya masufuria makubwa, kanzu ameikunja kiunoni, amefurahi kama bwana harusi.

"Shemeji," nikamwambia, "mwenyewe hajui kuwa ni wa kuchinjwa."

"Ng'ombe gani anajua, shemeji?"

"Mwenye ng'ombe! Mwenye ng'ombe hajui!"

Akaacha jiwe alilokuwa ameshika. "Hajui vipi? Nilimwambia kwa Kiswahili safi."

"Hapo ndipo ulipoharibu. Ulimwambia azinge mji."

"Na si ndivyo?"

"Kwako wewe. Yeye aliposikia azinge alisikia atembee."

Akanitazama, akatazama masufuria. Nilimwonea huruma. Alikuwa mtoto mdogo zinguo lilipokufa, na hili alilifanya kwa ajili ya kuliona tena kabla na yeye hajafa, nalijua hilo kwa sababu mume wangu alikuwa na hamu ile ile. "Shemeji," akasema, "wageni wa Witu wamefika. Wa Chara wako njiani. Mpishi ameshakata vitunguu. Nikawaambie wale vitunguu?"

"Vitunguu haviui mtu."

"Usinizingue, shemeji!" Hilo amelitoa kwa wajukuu zake. Kisha akashusha sauti. "Atakubali. Ataona watu walivyomheshimu. Mwanamke akiheshimiwa mbele ya watu..."

"Hulainika kama udongo wa mvua?"

"Nimesema mimi?"

"Umetaka kusema." Nikamwacha na mafiga yake. Njiani nikajuta sikumtupia moja.

Siku ya Mwaka yenyewe tuliamka alfajiri kama zamani. Tulishuka baharini, sisi vikongwe mbele na wasichana nyuma na simu zao wamezificha kwenye kanga. Nilipotia mguu nikapiga ule ukelele, na safari hii nikajibiwa. Mungu wangu. Nikajibiwa na pwani nzima, na kwa kitambo kidogo nilisahau kuwa mama yangu hayupo, nikageuka kumtafuta. Nikaona jirani yangu tu, anatetemeka meno. Huyo jirani anapikia gesi, hana majivu. Ilibidi aje kwangu kuniomba kata moja ya majivu akapate cha kumwaga.

Jua lilipopanda ng'ombe akaletwa. Shoga amemwogesha mpaka anang'aa. Kitambaa cheupe alikifunga mwenyewe, hakumruhusu mtu. Naye amevaa nguo zake za sikukuu, shanga zote shingoni, na mkononi ameshika kamba mpya iliyokunjwa. Wanaume wakamwambia, "Mama, sasa mwachie, wewe kaa na wanawake." Akasema, "Bila mimi hatembei." Wakajaribu kumvuta ng'ombe. Hakutembea. Basi shoga akashika njia mbele, na ikawa mara ya kwanza zinguo la mji wetu kuongozwa na mwanamke, tena wa maziwa.

Wakazunguka. Makaburi ya zamani, ukingo wa mto, nyuma ya shule, soko. Dufu zilikuwa zinapigwa na vijana waliojifunza wiki ile ile, na ilisikika, lakini hakuna aliyejali. Watu wakamgusa ng'ombe mgongoni, mashavuni, mkiani, midomo inacheza. Nilimwona mama mmoja amemnong'oneza sikioni kwa muda mrefu hivi kwamba mzee nyuma yake akasema, "Bibi, wabakishie wenzio nafasi."

Walipofika mlangoni kwangu mwenye wanja akasimama. Alisikia pumba. Wakamsukuma, wakamsihi, wakampigia dufu masikioni. Ameelekeza pua jikoni kwangu, hana haraka. Shemeji akatoka jasho. "Shemeji, fanya jambo, zinguo limesimama!" Nikaleta beseni la pumba, nikalishika mwenyewe. Mji mzima umesubiri ng'ombe amalize kula. Nikamwekea mkono kwenye paji. Nilitakiwa nimbebeshe mabaya yangu, nami ninayo, magoti haya na upweke, lakini sikuweza. Nikamwambia, rudi. Basi hilo tu.

Ufukweni kila kitu kilikuwa tayari. Wali unachemka, mchinjaji amekunja mikono, kisu kimefunikwa kwa kitambaa kwa adabu. Maalimu wa msikiti alikuwapo pembeni. Yeye mambo ya zinguo hayapendi, alikuja kwa ajili ya dua tu, na alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri gari. Duara likafunga. Dufu zikanyamaza. Mchinjaji akasogea.

Shoga yangu akakunjua kamba yake mpya, akamfunga ng'ombe shingoni taratibu, akawageukia watu. "Amezinga," akasema. "Dua imesomwa. Asanteni sana. Sisi tunaenda nyumbani."

Nimesikia kimya cha namna nyingi maishani mwangu, lakini kile kilikuwa na wali unaochemka ndani yake.

Shemeji akaja haraka. "Mama, si ulisema ndiyo?"

"Nilisema ndiyo azinge. Amezinga au hajazinga?"

"Amezinga."

"Basi ndiyo yangu imeisha."

Watu wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja wa mtaa wa juu, mkubwa kuliko wote waliobaki, akagonga mkongojo mchangani. "Binti, sikiliza. Ng'ombe wa zinguo hatoki mjini na roho yake. Amebeba mabaya yetu yote. Akiondoka mzima, ni nani anayejua yatakwenda wapi?"

Shoga akamtazama ng'ombe, akamtazama mzee. Aliuliza kwa adabu, wala hakuwa na mzaha. "Mabaya yote ya mji iko juu ya huyu?"

"Yote."

"Homa? Husuda? Hata ile ya kugombana juu ya malisho?"

Mzee akasita. "Hata hiyo."

"Na nyinyi mnataka kumchinja hapa, mjini, na kumkula? Mabaya si itakuwa ndani ya matumbo yenu? Mimi nataka kutoa nje."

Wa kwanza kucheka alikuwa mchinjaji. Kisha yule mama aliyenong'ona sana akasema kwa sauti, "Wallahi mimi nililomwambia sitaki kulila tena!" Na hapo pwani ikavunjika kwa kicheko, ila mzee na shemeji. Nami nilijiuliza, miaka yote ile ya utotoni nilikuwa nakula nini.

Maalimu naye akasogea, na hii ilikuwa furaha yake. "Mimi ya zinguo siyajui," akasema, "lakini nyama hii najua. Mwenyewe hajaridhia kuchinjwa. Mkimchinja, tonge litakaloingia kinywani mwenu ni haramu. Mwenye kutaka na ale."

Hakuna aliyetaka. Macho yote yakaenda kwa shemeji, maana kamati ilikuwa yeye. Alisimama pale na kanzu yake, na nikaona anatazama mafiga, na wageni, na ule mwaka aliousubiri tangu utotoni. Kisha akamwendea shoga yangu. Alianza na Kiswahili chake kirefu, "Mama yetu mtukufu, kama kauli yangu ilikuwa na kivuli..." akakwama. Akaanza upya. "Sikusema vizuri. Mchukue ng'ombe wako."

"Ulisema vizuri sana," shoga akamjibu. "Siku nyingine sema vibaya kidogo, nitaelewa."

Akacheka na yeye. Ikawa imekwisha, ila wali haukuwa na kitoweo. Wapokomo wa Chara ndio waliotuokoa. Walikuja na kambare kwenye mitumbwi, waliobanikwa, wa kuuza Garsen, wakawatoa wote. Sasa watu wa mjini kwetu wanajidai hawali kambare, ati ni samaki wa matope. Siku ile niliwaona wakilamba mpaka vifundo vya vidole. Mpaka leo huo tunauita Mwaka wa Kambare, na wapo walioanza kusema ndivyo ulivyokuwa tangu zamani. Nawaacha waseme.

Mimi sikukaa kula. Nilichukua beseni langu la pumba nikawasindikiza shoga na ng'ombe wake hadi mwisho wa nyumba, pale mchanga unapogeuka nyasi. Tulitembea polepole, magoti yangu na yake. Akaniambia kuwa mama yake alikuwa akirudi njia ile ile na vibuyu vitupu, akimsimulia jikoni kwa mama yangu palivyo, kwamba pana giza na moshi na mwanamke anayecheka. Sikuwa nimewahi kujua kuwa mama yangu alisimuliwa katika nyumba nyingine. Tukaendelea kutembea, kila mtu na mama yake.

Kisha akasimama. Uso ulikuwa umebadilika, nikaona kumbe muda wote ule alikuwa na hofu. Alimtazama mwenye wanja, akanitazama mimi. "Shoga," akasema, "mimi nilisema nitatoa mabaya yenu nje. Nimetoa. Sasa niache wapi? Siwezi kwenda nayo kwa watoto wangu."

Hilo sikulifikiria. Nikamwambia, "Popote, ila usipeleke Garsen, binti yangu amejifungua huko."

"Minjila?"

"Minjila nina deni la salamu kwa wifi yangu. Usipeleke."

"Basi wapi?"

Tulikuwa bado tumesimama tunafikiri, vikongwe wawili, wakati mwenye wanja alipopanua miguu ya nyuma akakojoa. Alikojoa kwa muda mrefu sana. Nadhani alikuwa amejizuia duara zima, kwa adabu au kwa dufu, mimi sijui. Povu likatapakaa njiani, likanywewa na mchanga, na alipomaliza akajitikisa mwili mzima toka pembe hadi mkia, akawa ng'ombe tu.

Shoga yangu akashusha pumzi. "Yametoka," akasema. "Hapa."

Akamfungua kitambaa cha kwenye pembe, akanipa. Akakunja na kamba pia, maana haikuwa na kazi tena. Wakaenda, yeye mbele na ng'ombe nyuma, na mimi nikasimama mpaka weupe wake ukachanganyika na weupe wa ndege nyange malishoni.

Bado yuko hai, mwenye wanja. Bado anaingiza kichwa mlangoni kwangu. Na njia ya kutoka mjini ni ile ile moja, kwa hiyo kila nikienda Garsen kwa bodaboda lazima nipite pale. Tukikaribia namwambia dereva aende pole, naye anadhani ni kwa ajili ya mgongo wangu. Nakusanya buibui, nainua miguu yote miwili juu, mpaka tupite.